Sauti Iliyoketi Kando ya Picha

Kibanda cha video cha kwanza nilichoingia maishani kilikuwa nyuma ya soko la Busia, upande wetu wa Uganda, mwendo wa dakika chache kutoka mpakani. Kilikuwa kimejengwa kwa mabanzi na mabati makuukuu, na kuta zake zilizibwa kwa magunia ya sukari ili mwanga wa mchana usipenye kwenye mianya. Tulikaa kwenye mabenchi, watoto mbele na watu wazima nyuma, magoti yakigusana na jasho likitutiririka, huku jenereta ikinguruma nje. Ulikuwa mwaka 1996, nami nilikuwa na umri wa miaka 12. Kiingilio kilikuwa shilingi 100, ambazo kaka yangu alizipata kwa kuwabebea mizigo wafanyabiashara waliokuwa wakivuka kwenda Kenya.

Runinga ilikuwa ndogo, na picha yenyewe ilicheza-cheza kwa sababu kanda ilikwisha kunakiliwa mara nyingi. Lakini macho yangu yalivutwa zaidi na kijana aliyeketi kando ya runinga hiyo, juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, akiwa ameshika mikrofoni iliyofungwa kwa utepe mweusi. Filamu ilitoka Hong Kong na wahusika walisema Kichina, lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeielewa, na sidhani kama yeye mwenyewe aliielewa. Hata hivyo alituambia kila kitu. Alisema kwa Kiganda cha kasi, na alipoona kwamba mabenchi ya nyuma yamejaa wachukuzi kutoka upande wa pili wa mpaka, akachanganya na Kiswahili: huyu mzee msimwone hivi, ndiye aliyemlea yule kijana tangu baba yake alipouawa. Mzee huyo alipokufa katika filamu, kijana wetu aliishusha mikrofoni akanyamaza. Kibanda kizima kilinyamaza naye, hadi mama mmoja aliyeketi karibu na mlango akasema, "Poleni, jamani." Kijana akaipandisha mikrofoni na kumjibu, "Tumeshapoa, mama," kisha filamu ikaendelea.

Nimekumbuka jibu hilo kwa karibu miaka 30, na kadiri ninavyozidi kufundisha ndivyo ninavyozidi kuona kwamba lilinionyesha jambo ambalo mijadala yetu kuhusu filamu, mitandao ya kijamii na utamaduni hulipita bila kulitazama. Tunazungumza kana kwamba picha huingia moja kwa moja kichwani mwa mtu, kama maji yanavyoingia mtungini, na tunachobishana ni kama maji hayo ni safi au machafu. Wazee wanasema filamu zimewaharibu watoto, na watoto wanasema filamu zimewafumbua macho. Mimi ninaamini kwamba kati ya picha na mtazamaji daima kuna sauti fulani inayomwambia anachokiona, iwe ni ya mtu aliyeketi kando ya runinga, ya mtengenezaji wa filamu, au ya maandishi yaliyobandikwa juu ya video fupi kwenye simu. Kwa sababu hiyo, swali linalonisumbua ni hili: sauti hiyo ni ya nani, na je, mtu aliyeketi karibu na mlango anaweza kuijibu?

Sinema ilipozungushwa vijijini Afrika Mashariki zamani za ukoloni, ilikuja pamoja na sauti ya namna hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio wa sinema za elimu uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, ulitengeneza filamu fupi za kuwafundisha Waafrika kilimo, usafi, na hata faida ya kuweka akiba posta, kisha ukazizungusha kwa lori hadi Kenya na Uganda, na kusini hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo ya filamu hizo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha kadhaa za wenyeji. Lugha ilikuwa yetu, lakini aliyeamua kitakachosemwa ni Mzungu aliyeuendesha mradi, na santuri, kama ijulikanavyo, haina masikio.

Vibanda vya video vilipoenea Uganda baada ya vita vya miaka ya 1980, sauti ilirudi, lakini safari hii ilikuwa mikononi mwa vijana wa mtaani. Waliitwa VJ, yaani wachekeshaji wa video, na wengine kama VJ Jingo na VJ Junior wamekuwa mashuhuri kiasi kwamba watu huchagua filamu kwa kumtazama aliyeitafsiri kabla ya kuuliza ni nani aliyeigiza. Nikisema wanatafsiri ninawapunja, maana VJ hufafanua, hutabiri, hukemea, humpa mhusika jina la mtaani, na gari linapokimbia katika mji wa Marekani husema linaelekea Jinja. Wenzetu wa Tanzania walikuwa na Lufufu, na Wakenya wana DJ Afro, ambaye sauti yake ya Kiswahili ilivuka mpaka na kutufikia Busia kwenye diski zilizouzwa kandokando ya barabara. Kwa hiyo filamu moja tuliweza kuitazama mara mbili, mara ya kwanza kwa Kiganda na mara ya pili kwa Kiswahili, na ikawa visa viwili tofauti. Baadhi ya wasomi hukasirika kwamba maana ya asili inapotoshwa. Ninawaelewa, lakini ninadhani kwamba watu waliokuwa ndani ya kibanda hawakuwa wanadanganywa, kwa kuwa kila mmoja alijua kijana yule anaongeza chumvi, na alipoongeza kupita kiasi alizomewa akarekebisha.

Yupo mtu ambaye maisha yake yanaonyesha nguvu ya jambo hili vizuri kuliko ninavyoweza kulieleza. Isaac Nabwana, aliyeanzisha studio yake Wakaliga, mtaa wa mabondeni mjini Kampala, mwaka 2005, amesimulia kwamba alipokuwa mtoto hakuziona filamu kwenye jumba la sinema, bali alisimuliwa na kaka zake waliokuwa wakizitazama. Filamu zake za kwanza zilikuwa masikioni. Alipokuja kutengeneza zake, kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe na bunduki zilizochongwa kutokana na mbao na vyuma chakavu, alikuwa kwa kweli anayapa picha masimulizi ya kaka zake. Filamu yake ya Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, ilijulikana duniani kupitia YouTube, na toleo ambalo dunia inalijua ni lile lenye sauti ya VJ Emmie juu yake, ikiwachangamsha watazamaji tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wa nchi za mbali ambao hawajawahi kukaa kwenye benchi la kibanda walijikuta wakitazama filamu kama tulivyotazama sisi. Kwa maoni yangu, hilo ni jambo kubwa zaidi kuliko mamilioni ya watazamaji waliohesabiwa, kwa sababu mara nyingi tumezoea kupokea kutoka nje filamu pamoja na namna ya kuitazama.

Sasa niseme juu ya Kiswahili, ambacho ndicho kazi yangu na mapenzi yangu. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda asijue kwamba katika sehemu kubwa ya Uganda lugha hii ilipita njia chungu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Gavana Gowers alipotaka ipewe nafasi kubwa katika shule na utawala, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, aliipinga hadharani. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wananchi wa kawaida waliisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, ikitoka vinywani mwa watu wenye bunduki. Katika miaka ya 1980 misako ya askari iliitwa kwa maneno mawili ya Kiswahili, "panda gari", kwa maana hiyo ndiyo amri waliyopewa watu waliokusanywa kutoka majumbani mwao. Mama yangu aliishi Kampala wakati huo. Mjomba wake alipandishwa gari asubuhi moja na hakurudi. Nilipomwambia, nikiwa kijana, kwamba nimechagua kusomea ualimu wa Kiswahili, hakunikataza, lakini aliniuliza kwa sauti ya chini ni kwa nini nataka kuleta lugha ile ndani ya nyumba.

Mimi sikuweza kumjibu. Waliomjibu ni waigizaji. Baada ya mwaka 2005 hivi, diski za filamu za Kitanzania zilianza kuingia Busia kwa wingi, nyingine zikiletwa na madereva wa malori, na dada yangu mdogo akawa hazikosi. Filamu hizo nyingi zilikuwa za mambo ya nyumbani, kama vile mama mkwe mwenye roho ngumu, ndugu aliyedhulumiwa urithi, au mume aliyepotea mjini akarudi mgonjwa. Jioni moja nilimkuta Mama ameketi mkekani anamenya karanga, ungo ukiwa mapajani, huku kwenye runinga Steven Kanumba akilia na kumwomba mzazi wake radhi. Mikono ya Mama ilikuwa imesimama. Ganda la karanga lilibaki kati ya vidole vyake hadi tukio lile likaisha, ndipo akasema, kama mtu anayesema peke yake, "Kumbe kwa lugha hii mtu anaweza pia kuomba msamaha."

Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, umri wangu kabisa, Mama aliomboleza kama aliyefiwa na mtoto wa jirani. Tangu miaka hiyo alianza kuniambia "pole, mwanangu" ninaporudi nimechoka, naye hakuwa amewahi kunipa neno la huruma kwa Kiswahili. Serikali imefanya mengi kwa ajili ya lugha hii: katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kuifanya lugha rasmi ya pili, mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 uliiweka miongoni mwa masomo ya lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili, na baraza la mawaziri likaisisitiza tena Julai 2022. Ninazishukuru hatua hizo, ambazo ndizo zilizonipa madarasa yaliyojaa. Lakini hofu iliyokuwa ndani ya Mama haikuondolewa na amri yoyote. Iliondolewa na filamu za bei nafuu ambazo wakosoaji walizidharau kwa taa zake mbaya na sauti yake ya kukwaruza.

Filamu pia zinaweza kutunyang'anya kumbukumbu, na ninalisema hili kwa uchungu. Miaka michache iliyopita mwenzangu anayefundisha historia alinionyesha insha ya mwanafunzi mmoja mwenye bidii, iliyoeleza jinsi Idi Amin alivyoongozwa na daktari wake kijana kutoka Scotland, hadi daktari huyo alipotoroka Entebbe. Daktari huyo hakuwahi kuwapo. Ni mhusika wa kubuni katika filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006, ambayo sehemu kubwa yake ilipigwa picha hapa Uganda na ambayo ilimpatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar. Filamu ina haki ya kubuni, wala simlaumu aliyeitengeneza. Kilichoniumiza ni kwamba kijana yule ana babu aliye hai, aliyekuwa mtu mzima katika miaka hiyo, ambaye hajawahi kuulizwa chochote. Filamu ilikuwa tayari imemsimulia mjukuu, kwa ufasaha na kwa muziki mzuri, na babu akabaki kimya sebuleni.

Hata hivyo mfano mzito zaidi ni ule wa Lira, mji wa kaskazini mwa Uganda. Mwezi Machi 2012 shirika moja la Marekani liliweka mtandaoni video ya nusu saa iliyoitwa Kony 2012, ikiwataka vijana wa dunia wamfanye Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, ajulikane ili akamatwe, na kwa muda wa siku sita tu ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Huenda hapajawahi kuwa na kazi ya picha iliyotaja Uganda na kuwafikia watu wengi kwa kasi kama ile. Ila watu wa kaskazini, ambao habari yenyewe ilikuwa yao, wengi hawakuwa na intaneti ya kuitazama. Kwa hiyo tarehe 13 Machi asasi ya vijana ya AYINET ilitundika shuka jeupe mjini Lira na kuwaonyesha wananchi, maelfu yao, baadhi wakiwa wamesafiri mbali na wengine wakiwa na makovu mwilini. Lira si mbali na Barlonyo, ambako watu zaidi ya 300 waliuawa na waasi hao tarehe 21 Februari 2004. Walikuja wakitarajia kujiona. Waliona Mmarekani akizungumza na mwanawe mdogo juu ya mtu mbaya, wakaona bangili na mabango yenye jina la Kony yakisambazwa kama mapambo, na wakaona vita vikielezwa kana kwamba bado vinaendelea mlangoni mwao, ilhali Kony alikwisha kuondoka Uganda miaka kadhaa kabla. Watu walikasirika, mkutano ukavunjika kwa vurugu, na asasi ile ikasitisha maonyesho mengine iliyoyapanga.

Ninapofikiri juu ya usiku ule ninamkumbuka mama wa kibandani na "poleni" yake. Watu wa Lira nao walijibu, lakini aliyekuwa na mikrofoni alikuwa ng'ambo ya bahari. Pengine alikuwa na nia njema, ninaamini alikuwa nayo. Nia njema isiyoweza kusikia haitofautiani sana na santuri ya mwaka 1935.

Kisha simu ikaingia mifukoni mwetu, na hapa mambo yamekuwa magumu kuyapima. Mtu asiniambie kwamba simu imeleta hasara tupu. Watoto wa kundi la dansi la Ghetto Kids walicheza juu ya udongo mwekundu wa Kampala katika video ya wimbo wa Eddy Kenzo mwaka 2014, na mwaka 2023 walikuwa jukwaani London wakitazamwa na Uingereza nzima. Bila simu za watu wa kawaida hilo lisingetokea. Nimehudhuria kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ambako shangazi aliye London alifuatilia kila neno kupitia WhatsApp, akalia machozi ya furaha pamoja nasi. Katika sherehe hiyohiyo nilimwona ssenga, yaani shangazi, wa bibi arusi, mwanamke mwenye umri wa kuheshimika, akiombwa apige magoti mara ya pili kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari mara ya kwanza. Alipiga. Nilitazama pembeni. Goti la kwanza lilikuwa heshima kwa wageni, lakini la pili sijui lilikuwa la nani.

Wanafunzi wangu hawaruhusiwi simu shuleni, lakini kila wanaporudi kutoka likizo ninasikia walikokuwa. Kiswahili chao kinatoka Nairobi na Dar es Salaam kwa video za sekunde 30, na kinatoka kikiwa hai: binti mmoja aliandika "nimekumisi" katika barua ya insha, nami nikapiga mstari mwekundu juu yake, kisha nikakaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza katika muhula ule kumwona akiandika sentensi inayotoka moyoni. Nilimfundisha "nimekukumbuka sana" bila kumpunguzia alama. Tofauti ninayoiona kati yao na sisi wa kibandani ni kwamba wao hutazama kila mtu peke yake. Programu inamchagulia kila mmoja kinachofuata, kwa kupima ni wapi kidole chake kilisita, na hakuna benchi la nyuma la kumzomea anayeongeza chumvi kupita kiasi. Kuna maoni chini ya video, ndiyo, lakini mara nyingi maoni hayo ni ya wageni wanaozungumza na wageni.

Yaliyompata mama mmoja muuza dagaa sokoni kwetu, wale tunaowaita mukene, ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Sitamtaja. Mtu fulani alimrekodi kwa simu akiwa anabishana na mteja, sekunde 40 hivi, mama akiongea Kisamia kwa hasira na kuunyoosha mkono mmoja mbinguni. Juu ya picha hiyo mtu, huenda ni yuleyule, aliweka maandishi ya Kiswahili yaliyodai kwamba mama anamtabania mteja, anamwapiza watoto wake wasipone. Video ilizunguka katika vikundi vya WhatsApp vya pande zote mbili za mpaka, na watu walicheka. Wanaojua Kisamia waliweza kusikia kwamba maneno ni mengine kabisa, lakini maandishi yalikuwa makubwa na sauti ilikuwa ndogo, na wengi waliitazama bila sauti. Kwa wiki kadhaa wateja waliipita meza yake. Yeye mwenyewe alikuwa na simu ya kitochi, isiyoonyesha video, kwa hiyo alikuwa wa mwisho kujua kwa nini dagaa wake wanamwozea.

Tuna historia ya pekee ya gharama ya kujibu katika nchi hii. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 ilibidi mtu alipe kodi ya shilingi 200 kwa siku ili atumie mitandao ya kijamii, kiasi ambacho kwa mwenye mshahara ni kidogo lakini kwa muuza mchicha ni sehemu ya mboga ya jioni; mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa na pahali pake pakawekwa asilimia 12 juu ya gharama ya bando. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na hata iliporudi Facebook ilibaki imefungwa, watu wakajifunza neno VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao, kama walivyojifunza neno bodaboda. Sisi wa Busia tulikuwa na njia yetu, kwani wenye laini za Kenya walisogea karibu na mpaka, wakasimama wameinua simu, wakatuma salamu za familia nzima kwa zamu. Nilisimama pale jioni moja na kuona wanawake wakimwamuru kijana aliyeshika simu cha kuandika, kila mmoja na ujumbe wake, na kijana akiwasomea tena ili wahakikishe. Nilijisikia nimerudi kibandani.

Habari ya mama wa dagaa sikuweza kuiacha hivyohivyo. Muhula uliopita nilimwendea mezani pake, nikamweleza kinachozunguka, nikamwomba ruhusa ya kuitumia video ile darasani. Alinyamaza, akafukuza nzi kwa kitambaa, kisha akasema niitumie, ila kwanza aambiwe kilichoandikwa. Nilimsomea. Hakusema neno.

Darasani niliyafunika maandishi yale kwa kipande cha karatasi kilichogundishwa kwenye kioo cha kompyuta ya shule, nikaicheza video mara tatu kwa wanafunzi 52, nikawaambia wanaojua Kisamia watueleze kinachosemwa. Walibishana kwa karibu dakika 20, na ubishi ulikuwa mtamu, maana neno moja la Kisamia lilitaka maneno manne ya Kiswahili. Ikaonekana kwamba mama anadai deni lake, mteja amemzungusha tangu mwezi uliopita, mtoto wake yuko hospitali, na mkono aliounyoosha mbinguni ni wa kumshuhudisha Mungu kwamba hana hata nauli. Binti yule wa "nimekumisi", ambaye bibi yake ni Msamia, alichaguliwa kuisema sauti ya Kiswahili. Aliisema polepole, bila kuongeza chumvi, nasi tukairekodi kwenye simu yangu juu ya picha ileile.

Jumamosi tulikwenda sokoni, binti na mimi, tukamwonyesha. Mama aliifuta mikono yake kwenye aproni kabla ya kuishika simu, akaisogeza karibu na uso, na wauzaji wa meza za jirani wakaja kusimama nyuma yake, mmoja akiwa bado ameshika kisu cha kuparia samaki. Alisikiliza hadi mwisho bila kutikisika. Kisha akairudisha mkononi mwa binti na kumwomba aianze tena, na ilipofika karibu na katikati akainua kidole.

"Hapo simamisha, mwanangu," alisema. "Umesema 'nilipe'. Mimi sikumwambia alipe. Nilimwambia, 'nihurumie'."

Binti aliomba radhi, akaniangalia, nikampa simu. Alivuta pumzi, akaisogeza mdomoni kama mikrofoni, na watu wote waliokuwa nyuma ya meza wakanyamaza ili arekodi upya.